Chumba Chetu cha Udongo Mweupe

Baba Neema wangu,

Ninakuandikia nikiwa nimekaa chini, sebuleni, juu ya godoro, na watu wamejaa uani. Usiulize bado kwa nini godoro liko sebuleni. Nitafika huko. Kwanza nataka nikueleze chumba chetu, kwa sababu wewe ndiye uliyenianzishia kazi hii, halafu ukaondoka.

Unaikumbuka ile Jumapili ya veste yako nyeusi, lile koti la kanisani? Uliegemea ukuta wa chumbani ukifunga viatu, na ulipogeuka mgongo wote ulikuwa vumbi la udongo, kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Mimi nilicheka hadi nikakaa kitandani. Wewe hukucheka. Ulisimama katikati ya chumba unajipangusa na kulalamika: "Angaria veste yangu! Batu ba kanisa batasema ninalalaka mu shimo." Nami nikakujibu kwamba shimo lenyewe ulilijenga wewe, kwa mikono yako, kabla ya kunioa, ukaniapia kwamba utalipaka rangi kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa. Neema alizaliwa, akatambaa, akaota meno, na ukuta ukabaki ule ule. Ahadi ni deni, Baba Neema, lakini wewe ulikuwa mdaiwa mwenye maneno matamu.

Asubuhi uliyoondoka kwenda Niania, kuwauzia wachimba dhahabu maharagwe na sabuni, mkono wako ulikuwa tayari kwenye lori nilipokwambia: "Enda, urudi. Utakuta chumba sawa ya hoteli." Ukanitazama kwa lile jicho lako la ujanja. "Basi nitalipa usiku moja kwanza, nione," ukasema, na wanawake waliokaa juu ya magunia wakacheka, nikaona aibu mpaka nyumbani.

Nilianza kesho yake. Sikuwa na pesa ya rangi, na hata ningekuwa nayo, maduka yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine. Nilifanya kama mama zetu walivyofanya. Nilichanganya samadi na majivu na udongo laini, nikaziba nyufa zote kwa kiganja. Nilishuka kijitoni na Neema, tukachimba udongo mweupe ukingoni, tukaubeba kwa beseni. Nilikuwa naimba, na huo ndio ukweli. Watu walikuwa wanaongea habari za vijiji vinavyoungua, na mimi naimba na beseni kichwani.

Ukuta ulikuwa umekauka nusu dereva wa lile lori aliporudi bila wewe.

Alikuja kwa miguu, akakataa kiti. Alisema mbele kidogo ya Komanda kulikuwa na kizuizi cha watu wenye bunduki. "Batulishusha bote. Banauliza kila mutu anasemaka luga gani. Miye bakaniambia panda, enda. Yeye bakamwambia ikala chini." Nilimuuliza aliona nini tena. Akatazama miguu yake. "Sikugeuka, mama. Mungu anisamehe, sikugeuka."

Mama yako alikuwa mlangoni pa jiko. Aliweka mikono kichwani na kufungua kinywa apige yowe, na mimi nikamrukia nikamshika mikono. Nikamwambia hakuna aliyeona kitu. Mtu akiambiwa kaa chini, anaweza pia kuambiwa simama. Unajua nikianza kubishana hakuna anayeniweza. Mama yako alifunga kinywa. Tangu siku hiyo hakukifungua kwa kilio, na mimi nilidhani nimeshinda.

Kisha vita vikaingia mtaani kwetu. Sitaki kukusimulia hilo. Tulikimbia, mama yako, Neema na mimi, tukakaa karibu na uwanja wa ndege chini ya turubai, pamoja na watu wengi waliokuwa wanakohoa. Tuliporudi mtaani kwetu Rwambuzi nyumba ilikuwa imesimama, lakini walikuwa wameichuna. Mlango wa chumbani haukuwepo, na fremu yake waliing'oa pamoja na kipande cha ukuta. Kitanda ulichokileta kutoka kwa yule seremala wa mtaa wa Lumumba kilikuwa kimekwenda, godoro limekwenda, hata misumari uliyokuwa ukitundikia kofia waliing'oa. Mtu gani anaiba misumari ukutani? Nilikaa pale nikalia kwa sababu ya misumari. Nilipomaliza nikachukua beseni.

Mwanamke mwenye akili angeshughulikia jiko kwanza, au choo. Mimi nilishughulikia chumba cha kulala. Katika kichwa changu jambo lilikuwa wazi: chumba kikiwa tayari, utarudi. Nikikiacha kama kilivyo, basi mimi ndiye nitakayekuwa nimekuzuia njiani. Cheka ukitaka.

Sikiliza nilivyofanya, ujue ulioa fundi. Ukuta niliuziba upya, tabaka mbili. Safari hii udongo mweupe niliukoroga na uji mwembamba wa muhogo, ili ukikauka ushike na usimpake mtu mgongoni. Mama yako aliponiona naumimina uji ndani ya beseni alifoka. "Batu banalala njaa, weye unapakaa bukari ku ukuta!" Alikuwa na haki. Ule unga ulikuwa wa ugali wetu wa jioni. Nilimpa sehemu yangu ya viazi nikaendelea kupaka, na burashi yangu ilikuwa mkonge nilioutwanga ncha.

Chini, kuzunguka chumba chote, nilipiga mstari mweusi mpana kama mkono. Nilipasua mawe ya redio yako, betri zile zilizokufa ambazo ulikataa zitupwe, nikasaga unga mweusi wa ndani. Redio yenyewe waliichukua, mawe yaliyokufa wakayaacha. Hata wezi walijua hayana kazi, ila wewe.

Dari nilishona kwa magunia ya chakula cha msaada. Niliyafua, nikayafumua, nikayaunga na kuyavuta kwa kamba toka ukuta hadi ukuta, panya wasituangukie. Maandishi niliyageuzia juu, lakini gunia moja nilikosea, na ukilala upande wako unasoma kwa Kifaransa kwamba bidhaa hii haiuzwi. Niliona kosa nikiwa nimeshamaliza. Nikasema liache, maneno yenyewe ni kweli.

Kitanda nilikijenga kwa mikaratusi yetu ya nyuma ya nyumba. Miguu minne niliichimbia ardhini kabisa, ili asije mtu mwingine akakibeba. Badala ya mbao nilifuma mipira ya ndani ya baiskeli, ile iliyochoka kupigwa viraka, na godoro nilijaza majani makavu ya migomba. Kinalia kidogo mtu akigeuka. Mlangoni nilitundika kikwembe cha bluu, kitenge kile ulichoniletea siku ya mahari, kwa kuwa mlango sikuweza kuutengeneza.

Wakati huo tulikuwa tumempokea Furaha, msichana aliyekimbia kutoka vijijini, mjamzito, bila mtu wake hata mmoja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema. Huyu angeshika jembe kwa tumbo lipi? Alilala sebuleni na Neema. Basi nikaanza kuona shimo kwenye ukuta wangu, karibu na mlango, kwenye usawa wa mkono wa mtu. Naziba leo, kesho linarudi, na kila mara linakua. Nilifikiri ni mbuzi wa jirani. Nikajibanza nyuma ya nyumba mchana mmoja na fimbo, nikamkuta Furaha anabandua ukuta kwa ukucha na kula.

"Mama, nisamehe," akasema, midomo myeupe. "Ni mutoto ya mu tumbo njo anaomba."

Ningemfanya nini? Mimi mwenyewe nilipokuwa na mimba ya Neema ulinitafutia udongo ule ule sokoni, ukiulaza mfukoni mwa shati kama pipi. Nilicheka, mara ya kwanza tangu siku nyingi, na Furaha akacheka, na mama yako akatoka kuona tunacheka nini. Hakucheka. Alitazama lile shimo, akatazama ndani ya chumba, kitanda, dari, mstari mweusi, na akaniuliza polepole:

"Mama Neema, unatengeneza kitanda ya nani?"

"Ya mutoto yako."

"Mutoto yangu haiko."

"Dereva hakuona, mama."

"Mi njo nilimuzala. Macho ya dereva itanifanyia nini?"

Unaijua desturi yetu, sina haja ya kukufundisha. Kitanda cha mke kikiwa juu ya miguu yake, mume yuko safarini. Mume akifa, godoro linashushwa, linatandikwa sebuleni, mke anakaa hapo, na ndipo watu wanaingia, na ndipo kilio kinaanza. Mke asiposhuka, hakuna matanga. Na asiyekuwa na matanga haliliwi, maana kumlilia mtu ambaye mke wake anasema ni mzima ni kumtakia kifo. Mama yako alikuwa anajua hilo kuliko mimi. Alinitazama, akageuka, akaenda kuchambua mboga.

Kaka zako walituma ujumbe kutoka Mahagi kwamba nishuke. Nikakataa. Mchungaji akaja kuniombea, nikamwonyesha dari. Nilikuwa napaka tena na tena, sehemu zilizokwisha kukauka, kwa sababu siku nikitua burashi ningebaki na nini? Sasa naweza kukuambia: kuanzia mwezi ule wa mvua sikuamini tena. Mikono ndiyo iliyokuwa inaamini. Nilikuwa nafumua kamba nzuri ili nizifunge upya.

Juzi nilikwenda nyuma kukata majani ya migomba niongeze godoroni. Jua lilikuwa kali, watu wote wako kwenye kazi zao. Nikasikia sauti kati ya migomba, kama ya mtu anayebeba mzigo uliomzidi. Nilimkuta mama yako amepiga magoti chini, amekunja kitambaa chake cha kichwa na kukisukumiza kinywani, chote, mashavu yamevimba, na analia. Mwili wote unalia. Yowe halitoki. Alikuwa ameshapakanyaga mahali pale, nyasi zimelala, ardhi imekuwa ngumu. Anakwenda hapo kila siku, Baba Neema, tangu siku ile nilipomshika mikono. Alikuwa analia kwa kificho ili asikuue, iwapo mimi ndiye nisemaye kweli.

Niliyaacha majani hapo hapo. Nilirudi chumbani nikakaa. Kilikuwa kizuri, nakuapia. Mwanga ulipita kwenye kikwembe, ukuta ukawa na rangi ya maji. Hata hao wa hoteli hawana chumba kama kile. Na nikaona kwamba hutakuja kukilalia, si mwaka huu wala mwingine, na kwamba nilikuwa nimejenga kwa mikono yangu chumba cha kumziba mama kinywa.

Leo asubuhi nilimwita. Nikamwambia, "Mama, nisaidie kushika upande wa pili." Hakuuliza upande wa nini. Tulilibeba godoro, yeye mbele, mimi nyuma, likapita mlangoni kwa shida kwa sababu nililishona pana, la watu wawili. Majani yalikuwa yanamwagika njiani na Neema anayaokota. Tulilitandika hapa sebuleni. Furaha alinifungua nywele. Mama yako alibaki amesimama, anatazama kinywa changu, anangoja niseme. Nikasema, "Sasa, mama."

Hujawahi kusikia sauti ile. Sikujua mzee mwembamba vile ana sauti ile. Alikuita kwa jina lako la utotoni, lile ambalo ulinikataza kulitumia mbele ya watu. Majirani wakaacha mashoka, wakaacha sufuria, wakaja wanakimbia. Nami sikulia mara moja. Nilikuwa natazama njia. Nilikuwa nimejiambia kwamba kilio kama kile kinafika mbali, na kama uko popote katika mji huu, au unashuka tu sasa hivi kwenye lori la mtu na mfuko wako begani, utakisikia, utaingia uani kwa hasira na kuuliza, "Munalia nani? Si miye huyu?" Mama yako akanyamaza kidogo kuvuta pumzi. Nikasikiliza. Watu wote walikuwa kimya pamoja naye.

Hakuna aliyeuliza. Akaanza tena, na mimi nikamfuata.

Ni mimi,
mjane wako,
Mama Neema