Lenzi ya Burhani

Swalha, acha kupika kwanza. Burhani mume wangu anataka kuniulia Mjomba!

Si unajua Mjomba hujaza mwenyewe baruti kwenye risasi zake za kuwindia, na mistari ya mizani haioni tena? Burhani kamnunulia mizani huku Guangzhou, kambana laoban, mwenye duka, ampe na lenzi ya nyongeza. Kapewa ndogo, kaikataa. Kataka KUBWA. Kaigandisha kwenye mkono wa mizani wenyewe, ng'ambo ya kisahani cha baruti!

Leo kampelekea laoban picha, eti kujisifu. Laoban kashika kichwa: lenzi ina uzito, mizani itadai baruti kupita kiasi. "Bunduki, paa!"

Burhani kanuna: "Lakini inasomeka!"

INASOMEKA, Swalha!

Na mzigo umeshafika huko Tabora. Kimbia, mwambie Mjomba arudie mizani yake ya zamani, ile asiyoiona.