Bibi Aliye Kwenye Jalada

Arusha

Bibi, kaa kwanza kwenye mkeka. Mjukuu wako ndiye mchoraji mkubwa kuliko wote kuanzia Ruvuma mpaka Mlima Meru, na hapo kwenye Meru nimesimama kwa adabu tu, maana upande wa pili wa mlima bado sijaulizia. Kuna watu katika nchi ambazo wewe ukijaribu kuzitaja utang'oka meno yaliyobaki, wanaamka asubuhi wanatazama kitu nilichokichora mimi, Shaibu, niliyeacha shule kidato cha pili.

Baada ya kusema hayo, shikamoo mke wangu. Marahaba yako naisikia kutoka huku, ile ya kuvuta kama unanipimia unga. Goti linasemaje? Dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilifika, au amejichua nayo yeye njiani? Mimi mzima, alhamdulillahi. Baridi ya huku inamfanya mtu aoge kwa nia tu, lakini nakula, nalala, na kitambi kinaanza kunitafuta. Simu hutaki, unasema mtu wa kwenye simu anakata kabla hujamaliza kumsema, basi nakuandikia. Wewe Somoe unayemsomea, soma kama ilivyoandikwa, usiruke sehemu ninazojisifu. Nakujua tangu tukiwa wadogo.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana nimesikia umewaambia majirani napaka rangi magari. Tuko watatu. Dada Neema ndiye mwenye kazi. Alinikuta huko kwetu Mitwero nachora vichwa vya watu kwenye ukuta wa kinyozi wetu, mjomba Salumu, akaniuliza kama naweza kuchora na watu wenye miili. Elibariki ni kijana wa huku huku, yeye ndiye anayeifanya michoro yangu itembee. Tumetengeneza gemu, mchezo wa kwenye kompyuta, tumeuita Dungu. Ndani yake yumo bibi mmoja mkali, amekaa juu ya dungu analinda mahindi yake. Ngedere wanakuja, nguruwe wanakuja, yeye anawatandika kwa kombeo. Ndiyo, nimekuiba mzima mzima. Kashitaki.

Gemu haliuzwi kwenye duka lenye mlango. Duka lake liko mtandaoni, na humo magemu yamepangwa kama dagaa kwenye chanja, kila moja na picha yake ya mbele. Picha hiyo ndiyo jalada. Mnunuzi anapitisha kidole tu, hasomi wala haulizi, na jalada lenyewe analiona dogo kama ukucha wa kidole gumba. Lisipomshika hapo hapo, ameshapita. Dada Neema alituambia bila kuzunguka: "Jalada lisipovuta watu kabla hatujafungua mauzo, nafunga ofisi. Mimi narudi benki nilikotoka. Wewe Shaibu utarudi kwenu ukalinde mahindi ya kweli." Alisema huku anakunywa chai, kama anayeongelea mvua. Na jalada, Bibi, lilikuwa mikononi mwangu.

Nikalivamia. Nikachora dungu lenyewe, kila fito na kila kamba. Nikachora ngedere kundi zima, kila mmoja na uso wake na sababu zake za kuiba. Nikaweka mto, mikorosho, mwezi, nguruwe wanachungulia vichakani, na wewe juu kabisa na kombeo, mdogo lakini umo. Jina la gemu nikaliandika kwa herufi za kujikunja kama mapambo ya mlango. Nilipomaliza nilijitazama mikono nikaionea huruma, maana watu watataka kuishika.

Dada Neema akaipunguza picha ikawa ukucha, akaiweka katikati ya majalada ya magemu mengine. Akamwita mama anayetuuzia chapati pale chini.

"Mama, hapa unaona nini?"

Mama akasogea, akafuta mikono kwenye khanga, akatazama sana. "Hapa mtu amemwaga mboga."

"Mboga gani?" nikamuuliza, maana nilikuwa sijaamini.

"Mchicha, mwanangu. Na nazi kidogo."

Elibariki akacheka mpaka akashika meza. "Nyie watu wa pwani na mapambo. Ungemalizia na udi tungefukiza kabisa." Nikamwambia kwao wanachora kitu kimoja tu, mlima, na hata huo mlima hawakuutengeneza wao. Lakini moyoni, mke wangu, niliingiwa na baridi kuliko ya nje. Nilishajiona juu ya dungu, mvua inanipiga, wewe chini unaniuliza Arusha ulikwenda kufanya nini.

Na hapo kwenye kukuwaza ndipo nikakumbuka lile sanamu. Unalikumbuka? Nilikuwa bado wa kutumwa chumvi, ukaniambia nitengeneze sanamu la kutishia ngedere. Nikalivisha kanzu kuukuu ya marehemu Babu, nikalishonea vifungo vya visoda, nikalichora masharubu kwa mkaa, hata kofia nikaitia nakshi. Kesho yake tukamkuta ngedere amelikalia begani anamenya hindi letu, kama wamepatana. Ulicheka kwanza, kisha ukaling'oa lote. Ukasimamisha miti miwili ya kupishana, ukatundika khanga nyekundu, ikawa mikono mipana tu na rangi. Ukaniambia, "Ngedere hasomi vifungo. Ngedere anaona mtu, au haoni mtu."

Bibi, wanunuzi wa magemu ni ngedere. Nasema kwa heshima, ndio wanaotulisha.

Nikafuta mto, nikafuta mwezi, nikafukuza kundi zima la ngedere. Nikabakiza wewe tu, uso na mkono wenye kombeo lililovutwa, ukimtazama anayetazama. Khanga nyekundu kichwani. Nyuma yako nikapaka manjano tupu ya mahindi makavu, kwa sababu nilishachungulia majalada ya wenzetu: yote ni usiku, mapanga na moshi, kila mtu amejificha gizani analalamika haonekani. Jina nikaliandika nene, herufi zimesimama wima kama askari. Na sikuweka damu wala moto, ingawa Elibariki alitaka angalau moto kidogo. Nikamwambia mtu akiahidiwa vita halafu akute mahindi, atarudi kututukana, na matusi humo dukani yanabandikwa pale pale kila mtu ayasome.

Uso wenyewe ulinipa shida kidogo. Nilimwomba Somoe anipigie picha yako, na wewe na picha tunajua mlivyo. Ukajitanda khanga mpaka machoni, nikaletewa picha nzuri sana ya kiwiko. Nikasema haidhuru, uso wa mke wangu ninao kichwani.

Tukamwita tena mama wa chapati. Akatazama mara moja tu, akarudi nyuma hatua.

"Huyu bibi anataka kunipiga. Nimemfanya nini?"

Dada Neema aliniwekea chapati mbili kwenye sahani, na kwake hiyo ni hotuba. Jalada likaingia dukani. Watu wakaanza kujiandikisha kwamba wanasubiri gemu lifunguliwe, leo wachache, kesho wengi, wengine wanaandika kwa lugha ambazo Elibariki inabidi azitafutie tafsiri. Mmoja amesema anamwogopa huyo bibi na atamnunua hivyo hivyo. Mwingine ameuliza kama una mume. Nimemjibu kwamba unaye, na ni mwepesi wa ngumi. Ofisi haifungwi. Dada Neema amenipa na gemu la rafiki yake nilichoree jalada. Kwa hiyo mahindi ya kweli endeleeni kuyalinda wenyewe.

Nisalimie shangazi Hadija, yule wa kule Sudi, mwambie samaki wake wa kukaanga ndiye ninayemuota, si yeye. Nisalimie mjomba Salumu, mwambie ukuta wake asiupake chokaa, watu watakuja kuutembelea. Wewe Somoe hapa ndipo unajisalimia mwenyewe, usione haya.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea jalada, limechapwa kwenye karatasi nzito. Usilifungue kwanza, Bibi. Nisikilize.

Uso ule si wako. Siku nilipokaa kukuchora, sauti yako ilikuja yote, hata ile ya kumfukuzia ngedere. Mikono ilikuja, na mguu unavyouvuta ukiinuka. Uso haukuja. Nilichora macho nikafuta. Nikashindwa kukumbuka pengo la jino liko kushoto au kulia. Nimekula na wewe sahani moja tangu nimepata meno yangu, na nikashindwa. Mwishowe nikachukua kioo, nikajifunga kichwani ile khanga uliyonifungia mizigo nilipoondoka, nikakunja uso, nikajichora mimi. Makunyanzi nimeyatia kwa kubahatisha. Watu wote wanasema bibi huyu ana uso wa kweli, na mimi naitikia asante. Dada Neema sijamwambia, Elibariki ndiyo kabisa.

Basi ukilifungua usijitafute humo, utaniona mimi nimekasirika. Mikorosho ikianza kuangusha nitakuja. Nikifika, mke wangu, usijitande. Kaa mlangoni penye mwanga, unitukane unavyotaka, na mimi nikutazame.

Mumeo mdogo,
Shaibu