Jicho la Maji Nililosema Nimelisahau

Somo yangu,

Ningekupa shikamoo hapa mwanzo, kisha nikaendelea na maneno yangu, lakini wewe hukupenda salamu ya kupita. Ulikuwa ukisema anayetoa shikamoo bila kusubiri marahaba ana haraka za mjini. Basi nimeiweka mpaka mwisho, nikishakueleza nilichokifanya.

Unakumbuka asubuhi ile ulipotuongoza sisi wari wako kwenda msituni, kule juu kijito kinakoanzia? Mimi nilikuwa nyuma ya wote. Ukageuka ukaniambia, "Wewe unatembea kama uliyetumwa na polisi. Maji yatakimbia." Tukavua viatu penye mikuyu, tukashuka hadi kwenye jicho la maji. Yalinifika vifundoni, baridi hata nikacheka, nawe ukaniacha nicheke. Ukatufundisha kuchota kwa viganja, na kwamba sufuria yenye masizi haiingii pale abadani. Mengine ya unyago siyaandiki, unayajua mwenyewe. Tulipokuwa tunaondoka ukatuusia: "Mwanamume asipajue hapa. Akikuuliza, mwambie umesahau."

Mama alinizaa, lakini wewe ndiye uliyenishika mkono ukanivusha utoto. Sikuwahi kukwambia hivyo ukiwa hai, na linaniuma.

Nilipopata kazi ya kuchora ramani Lindi mjini, nikapanga chumba Mitwero, ulikuja kunitazama na kapu la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Ukakiona kifaa changu, kile kinachosoma mahali uliposimama kwa setilaiti. Ukakigeuza geuza. "Simu gani hii haina vocha?" Nikakueleza kwamba tunatafuta mito inakoanzia, ili pakingwe, maji yarudi. Ukanikazia macho. "Mto umekuwa mbuzi, upotee?" Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Sikujua kwamba ndiyo mara yako ya mwisho kuja mjini.

Mwaka huu kazi imefika kwetu, somo. Mto Lukuledi unaujua: masika unakula mashamba ya watu, kiangazi unabaki mchanga. Kwa hiyo tunakwea kukifuata kila kijito kinachouingia, na kila chemchemi tunaiwekea alama kwenye ramani. Penye alama hapalimwi wala mti haukatwi, na mvua zikianza panapandwa miche. Pasipo na alama ni msitu tu, na kijiji kimeshaanza kuugawa msitu kwa mashamba ya ufuta. Siwalaumu. Ufuta ndio unaowaezekea bati na kuwasomeshea watoto. Hata kaka yangu Saidi aliomba kipande, na alikooneshwa ni palepale kwenye mikuyu yako.

Kiongozi wa timu yetu ni kaka mmoja mpole, mtu wa Songea. Jioni moja aliikunjua ramani juu ya boneti ya gari, akaweka kidole kwenye kijito chetu.

"Huku chini maji yapo kiangazi chote, huko juu hatujaona chanzo. Yanatoka wapi haya? Dada, si wewe ni wa hapa?"

"Nimesahau," nikasema.

Nilikutii. Lakini tangu hapo nikawa napima huku na huku. Nikifunga mdomo, siri yako inabaki salama na jicho linalimwa ufuta. Nikiufungua, jicho linapona na kila mwanamume anaoneshwa njia. Na wewe wa kukuuliza hupo.

Nikaenda kwa mdogo wako, Bi Hadija, aliyeishika kazi yako. Akawaita wenzake, tukakaa uani, mlango umefungwa. Hatukuelewana upesi. Mmoja alisema heri jicho likauke likiwa letu kuliko lijae likiwa la watu wa ofisini. Mwingine akamuuliza, likikauka wajukuu watapelekwa wapi, bombani? Nilipoulizwa mimi nikasema kweli: nataka alama iwekwe, na naogopa kuitwa msaliti. Bi Hadija muda wote alikuwa anamenya mihogo, hata nikadhani hasikilizi.

"Hicho kimashine chako," akasema, "hakijui kuchora kitu kikubwa?"

"Kinajua, Mama."

"Basi jicho lijue wewe. Wao wape msitu mzima."

Ndivyo nilivyofanya. Vijito vingine vina nukta mwanzoni mwake. Chetu kina msitu wote, kuanzia mteremko hadi kwenye kona ya kijito, na juu yake nimeandika "Kwa Somo". Kiongozi aliizungushia kidole alama hiyo.

"Mbona hii kubwa kuliko zote? Na nukta yake iko wapi?"

"Pale ni pa akina mama," nikamwambia. "Maji yapo, nimeyaona. Miche ya ndani watapanda wao, na vipimo vya maji nitakuwa navileta mimi."

Akaondoa kidole kwenye ramani. Kisha akasema, "Kwetu mama yangu ana mahali kama hapo. Sijawahi kupaona." Akaendelea na kijito kingine. Kwenye mkutano wa kijiji hakuna mwanamume aliyeuliza huyo Somo ni nani. Nadhani wake zao walishawaambia wasiulize.

Ila Saidi amenuna. Salamu yangu anaiitikia akitazama pembeni. Amepewa eneo jingine, lina mawe, na nikimwona ameliinamia jembe lake kule nageuza njia. Angejua sababu, labda angenielewa, na sababu ndiyo nisiyoweza kumwambia. Ungekuwepo ungemtania mpaka acheke, mimi sina kipaji hicho.

Juzi nilikwenda peke yangu kupima. Nilivua viatu penye mikuyu, nikatembea polepole, ungenisifu. Maji yaliyokuwa yakinifika vifundoni sasa hayafuniki hata vidole. Nikaketi nikalia, somo, kwa sababu sikujua kama nimekilinda ulichonipa au nimekigawa. Bi Hadija ameniambia nimefanya vizuri. Yeye si wewe.

Nilipofuta machozi nikatoa shikamoo kwa sauti, nikasubiri kama ulivyonifunza. Marahaba haikuja. Niliyasikia maji tu, machache, lakini yalikuwa yakitembea.

Mvua zikianza tutapanda miche, akina mama wote, na mimi nitarudi kila msimu na kipimo changu. Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Shikamoo, somo. Sina haraka.

Mwari wako