Wafanyakazi Wangu Hawaimbi, Wala Hawabuni

Shangazi Flora mpendwa, naomba msaada wako kabla sijarudi kwetu Same bila kazi, maana mimi ni msimamizi wa karakana ya magodoro na mito ya pamba hapa Bariadi, na zamani wanawake wakichambua pamba walikuwa wanaimba, Salu anaanzisha, wengine wanaitikia, na humo humo kwenye nyimbo walikuwa wanasema cherehani inaruka nyuzi, au vitambaa vinatupwa bure, na hata ule mto wa kunyonyeshea mtoto unaouzwa mpaka Meatu ulitoka kwenye wimbo wa kumtania mwenzao mama Limbu na mgongo wake unaomuuma akinyonyesha, lakini siku moja nikasikia wanaimba "Mama Funguo akipita, hata pamba inanyamaza," na Mama Funguo ni mimi, nikaumia sana, nikapiga marufuku kuimba kazini. Sasa hawachelewi, hawagombani, ila asubuhi ni salamu tu ya "mwangaluka" basi, kila mtu anainamia pamba yake. Nimewawekea sanduku la maoni, halijapata hata karatasi moja. Tajiri mwenye karakana anataka bidhaa mpya ya maonyesho ya Nane Nane pale Nyakabindi, la sivyo anatafuta msimamizi mwingine. Nikiwauliza wananijibu, "Wewe ndiye unayejua, bosi." Shangazi, huu si mgomo?

Ernestina, Bariadi

Ernestina mwanangu, pole. Kuimbwa kunauma, hata mimi ningenuna. Ila ningenuna siku moja, nikarudi kazini.

Mgomo gani huo wakati kazi wanakupa? Wanachokunyima ni moyo, na wazo jipya linatoka huko. Mtu mwenye hofu anafanya alichoambiwa, anaenda zake nyumbani. Anayecheka ndiye anathubutu kusema upuuzi mbele ya wenzake, na huo mto unaojivunia ulianza kama upuuzi. Halafu eti sanduku la maoni, kwa watu unaokula nao ugali kila mchana! Kuku wako mwenyewe, manati ya nini? Umeishi na Wasukuma hujaona kwamba hata shambani watu wanalima kwa wimbo?

Hotuba usitoe. Jumatatu acha funguo ofisini, kaa chini uchambue pamba nao, umwambie Salu wote wakisikia: "Nilikosea, dada. Anzisha." Atakataa. Wewe endelea kuchambua, na kesho yake urudi. Tajiri akija, mwambie mbele yao kwamba kosa la kukwama ni lako wewe, si lao. Nane Nane mtaiwahi, sina wasiwasi. Na siku wakikutungia wimbo mkali kuliko ule, usikimbilie ofisini. Itikia.