Katuni ya mpelelezi na uso wangu

Jumapili, Alunguli

Nimechoka na ile katuni ya Kijapani. Sehemu kumi na mbili, na muuaji nilimjua tangu ya tatu. Mpelelezi anavaa vizuri, koti lake refu linapendeza hata kwenye mvua, lakini anaeleza mno. Kila fumbo analimaliza kwa hotuba.

Nyuso, ndiyo. Hapo siwezi kubisha. Aliyezichora anajua watu.

Mama hasomi Kifaransa, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea maandishi ya chini kwa Kiswahili, simu ikiwa mezani kati yetu. Leo ilikuwa sehemu ya mwisho. Mpelelezi akamwambia dada mmoja kwamba mdogo wake aliyepotea amekufa. Sikuweza kulitamka neno hilo mbele ya mama. Nikasoma, "Bado wanamutafuta."

Mama akaangalia majina ya wachoraji mpaka yakapita yote.

"Unadanganya," akasema. "Nimeona uso ya ule mupelelezi. Ule mutoto alikufa."

Nikasema labda nimesoma vibaya.

"Hapana. Njo uso ile ile ulikuwa nayo wakati wa vita, siku ulirudi toka Pangi weye peke yako. Ukaniambia Amisi iko nyuma, anakuja."

Amisi, mdogo wangu. Nilimzika mwenyewe kando ya njia. Miaka yote hii nimedhani mama anamngoja yeye.

Kumbe ananingoja mimi niseme. Na leo pia nimezima simu, nikaenda kuosha sahani.