Mgeni Niliyemchora Ukutani

Mjukuu wangu Atu,

Bado naisikia ile "kamwene" ya mama, aliyomsalimia mtu asiyekuwepo. Nitakueleza. Huku Mlandege tuko salama. Baridi imeanza, na dada yangu, bibi yako aliyemzaa mama yako, amemaliza kuvuna mahindi. Mimi nina miaka ishirini na minane tu, na bado nacheka unaponiita bibi, lakini ndivyo ukoo ulivyotupanga.

Unauliza nilimwambiaje mama kwamba naogopa, kwa kuwa wewe unashindwa kumwambia wako. Sikumwambia. Nilipougua figo nilichukua mkaa nikauchora ugonjwa ukutani, kando ya kitanda changu: mtu ameketi, ana kitenge begani, hana uso.

Mama aliingia kutoka juani, macho yake hayajazoea giza la chumba. Akapiga goti kidogo. "Kamwene." Akasubiri. Kwetu salamu haiachwi bila kuitikiwa, na nikasikia "kamwene" ikijibu. Ilikuwa sauti yangu, ila sikukusudia kuitoa.

Mama akasogea, akaugusa ukuta, akavitazama vidole vyake vilivyokuwa vyeusi.

"Huyu kaja lini?"

"Tangu nitoke hospitali."

"Na unalala naye humu peke yako, mjinga wewe!" Akaenda kuleta godoro lake.

Hofu haikuisha, Atu, lakini tuliitazama wawili.

Wiki iliyopita nilipewa majibu mapya, na si mazuri. Safari hii sikugusa mkaa. Jana jikoni nilimwambia mama kwa mdomo wangu kwamba naogopa.