Sista wa Jumanne

Duka la Dawa za Mifugo,
Soko la Shianda,
S.L.P. 217, Mumias.

Alhamisi, 13 Novemba 2025

Mpendwa wifi Sylvia,

Mulembe! Mulembe tena, maana Lodwar ni mbali na ile ya kwanza huenda ikachoka njiani. Hujambo? Shemeji naye hajambo? Watoto je, na hilo darasa lako la nne, bado linakukausha koo? Natumaini joto la huko limewahurumia kidogo. Sisi tu wazima. Mvua haijatuacha, maharagwe yanaoza shambani kabla hatujayang'oa. Binti yetu Awinja ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akitamka jina lako linatoka kama mluzi. Ndugu yako Willis ni mzima, yuko kwenye trekta la miwa, leo kuna kazi, kesho hakuna.

Hali ya Baba nitaifikia. Najua ndiyo unayoitafuta, lakini niruhusu nianzie mahali pake.

Nakuandikia hapa hapa kaunta, kati ya mteja na mteja. Kimutai, yule dereva wa lori, anapakia sukari hapa, atapitia mahindi Likuyani, kisha aje kwenu. Ameniahidi kwamba kesho jioni utakuwa na barua hii mkononi, pamoja na njugu na uyoga mkavu ulio kwenye mfuko. Kwenye simu nisingeweza, hapa dukani kila sikio liko wazi. Lile kundi la familia kila mtu yumo, na wasioweza kuandika wanatuma sauti.

Wifi, nimechoka. Sisemi nimechoka ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Nimechoka na watu. Wewe ndiye uliyeniambia niombe nafasi ya unesi, ukasema akili ninayo, nisiiache ikaozea hapa na mifuko ya mbolea. Nikakusikia. Lakini karo ya chuo inatoka kwenye hii mifuko ya mbolea, na hapo ndipo shida yangu yote ilipo. Chuo kinataka mwanafunzi mzima, na duka linataka mfanyakazi mzima. Mimi niko mmoja, tena kwa sasa hata huyo mmoja hajatimia.

Cleophas, mwenye duka, si mtu mbaya. Mdomo tu ndio unaomtangulia. Kila jioni nikifika kutoka wodini na soksi nyeupe bado miguuni ananiuliza, "Rosebella, wewe unasomeanga nini na kuku wa Shianda nzima wanakuita daktari?" Wateja wanacheka. Siku ya kwanza nami nilicheka. Sasa namwangalia tu. Juzi aliacha utani, akaniambia ikifika Januari anataka mtu wa kutwa, nichague moja. Mwalimu wetu wa wodi, Madam Jescah, naye anasema nichague moja. Na wote wawili wana methali ile ile, mshika mbili moja humponyoka. Natamani nikutane na aliyeitunga nimuulize kama aliwahi kulipa karo.

Sasa sikiliza mwanzo wa balaa. Muhula huu hatuna masomo ya darasani, tuko wodini siku nne kwa wiki. Mimi nimepangiwa wodi ya wanawake na mapumziko yangu ni Jumanne. Vifaranga vya Cleophas vinaletwa kila Alhamisi, na Alhamisi bila mimi hapa dukani ni vurugu. Vinahitaji chanjo, vinahitaji maji yenye glukosi, na wenye oda wamejaa mlangoni kila mmoja na katoni lake. Kwa hiyo nikapatana na Asiya, mwenzangu kutoka Mumias ambaye hupumzika Alhamisi. Yeye anishikie zamu yangu ya Alhamisi, mimi nimshikie yake ya Jumanne, wodi ya wanaume. Hatukumwambia Madam. Wanafunzi wote hufanya hivyo, na mwenye bahati hagunduliwi.

Jumatatu jioni Baba alianguka akimfunga ng'ombe, nyonga ikavunjika. Hilo uliambiwa. Willis alinieleza amepelekwa hospitali ya misheni, nikajua yuko katika mikono salama. Nisilolijua wakati huo ni kwamba huko hawakuwa na daktari wa mifupa, akahamishiwa hospitali yetu kabla ya alfajiri. Willis alinipigia, lakini simu tunaziacha getini. Jumanne asubuhi nikaingia wodi ya wanaume na beseni langu la maji ya moto, nikasogeza pazia la kitanda cha pembeni, na Sylvia, aliyelala pale ni baba yako.

Wewe ni binti yake, unaweza kumshika mkono. Mimi ni mkwe. Miaka minane nimeolewa boma lile na sijawahi kumpa kikombe mkononi. Chai yake naitua juu ya kigoda naondoka, au Awinja anampelekea. Tukikutana kwenye kijia, mimi natoka, napita kwenye majani. Hajawahi kuingia jikoni kwangu hata kwa mvua ya mawe. Jumanne ile nimesimama juu yake na kitambaa na sabuni.

Alinitazama mara moja, akageuzia uso ukutani.

Nilitaka kutoka mbio. Nikageuka, na nyuma yangu nani? Madam Jescah na faili lake. Alikuwa amekuja kumpima Asiya kwenye kuosha mgonjwa kitandani, akanikuta mimi. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akasema sawa, kwa kuwa mmeamua kujipangia kazi, nitakupima wewe, na nikisikia udhuru wowote mtarudia wodi hii nzima wewe na mwenzako. Ningesema nini? Nesi wa kiume aliyekuwepo alikuwa ameitwa chumba cha upasuaji. Na Baba alikuwa amelala kwenye shuka iliyolowa tangu safari ile. Nakwambia wewe kwa kuwa ni mtoto wake. Hakuna aliyemfikia kabla yangu, wagonjwa ni wengi na sisi wachache.

Kitanda kinachofuata kuna mzee mmoja wa Matete anayeitwa Were, mguu wake umening'inizwa juu. Nikamgeukia yeye, maana Baba nisingeweza kumsemesha jambo kama hilo. Nikasema, "Mzee, niulizie huyu mzee kama ataruhusu aoshwe."

Mzee Were alitutazama, akaelewa. Huyo ni Mluhya mzima. Akasema, "Omwana wefwe, ndugu yetu, sista anauliza kama akuoshe."

Baba akasema akitazama ukuta, "Mwambie sista afanye kazi yake. Lakini anipe taulo nijifunike uso."

"Umesikia, sista," akasema Mzee Were. "Fanya haraka, mimi ndio nalalanga karibu na hii harufu."

Nikamwosha. Nilifunua sehemu moja moja kama tulivyofundishwa na kuifunika tena, mikono yangu ikitetemeka mpaka maji yakanimwagikia viatuni. Nilipofika kumgeuza, nilimwekea mto kati ya magoti, nikamshika hapo polepole, na hakulia. Nilimbadilishia shuka, nikampaka mafuta mgongoni. Muda huo wote taulo halikutoka usoni. Ungemwona ungedhani amelala. Nilipomaliza nilisimama nyuma ya pazia nikalia bila sauti, halafu nikaenda kitanda kingine.

Unajua Madam Jescah aliandika nini? Alinikata alama kwa kutoangalia uso wa mgonjwa kuona kama ana maumivu. Uso! Nilitaka kumtupia lile beseni.

Ingekwisha hapo. Ila jana Mama na Baba mdogo George walikwenda kumwona, na Mzee Were, masikini, kwa wema wake, akamsifu mkwe mbele yao. Akasema bwana, mna mke wa kijana hapa, amemwosha mzee kama mtoto mchanga. Baba mdogo aliondoka pale akiwa amevimba. Kufika jioni kundi zima la familia lilikuwa limewaka. Ati shule imenitoa haya. Ati nimemvua mzee nguo. Ati haja ya hii shule ni gani kama mtu ana kazi yake nzuri dukani. Yaani duka hili, ambalo mwaka jana alisema si kazi ya mke wa mtu, leo limekuwa kazi nzuri! Willis yuko upande wangu chumbani, lakini mbele ya baba yake mdogo anakuna kichwa. Hilo limeniuma kuliko kelele za wengine.

Jumamosi saa nne wazee wanakaa pale nyumbani. Watatoa mbuzi wa kusafisha mwiko, sina ubishi, mbuzi na atolewe. Ila Baba mdogo ameshasema neno la pili litakuwa kwamba niache chuo. Na Willis akilikubali mbele ya wazee, Sylvia, nimekwisha. Nimebakiza mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu, baada ya kuinama miaka miwili nikikitafuta hicho cha mvunguni mpaka kiuno kikakataa kunyooka.

Ninalokuomba ni hili. Wewe ni mzaliwa wa kwanza, na Baba mdogo anakuogopa hata akijifanya hakuogopi. Piga simu Jumamosi wakiwa wamekaa. Ongea.

Nilikuwa nimefika hapo, nikitafuta maneno ya kukuaga, Asiya akapiga simu akiwa getini. Sasa ni saa sita na nusu. Vifaranga vimefika, vinalia kwenye maboksi miguuni pangu.

Asiya anasema Baba amekataa kuoshwa. Alikataa jana, nami nilikuwa wodi ya pili sikujua, na leo amekataa tena. Manesi wamembembeleza, hasikii. Anasema wengine wanamgeuza kama gunia la miwa na nyonga inalia, wamngojee sista wa Jumanne. Wamemuuliza ni nani huyo. Amesema hajui jina lake, alikuwa amefunikwa uso. Asiya alikuwa anacheka akinieleza, mimi nikakaa chini kwenye mfuko wa mbolea.

Hajui jina langu! Mzee aliyekuja kunitolea ng'ombe kwa baba yangu, tena akabishana na wazee wetu kutwa nzima kuhusu rangi ya yule ndama. Sylvia, hivyo ndivyo Baba alivyonitetea, na hataongeza neno. Akisema zaidi atakuwa amekiri kwamba nilimwosha. Basi Jumamosi ukipiga simu, usijisumbue kubishana na Baba mdogo. Sema tu waende kitandani wamuulize Baba nani alimwosha.

Zamu yangu ya leo ameishika Asiya, tena ni ya wodi ya wanawake. Nikienda, naenda kwa kutaka, na hakuna Madam wa kumsingizia. Sare yangu iko kwenye mfuko hapa nyuma ya kaunta, imekunjamana lakini ni safi. Nitaivalia getini. Nikiwa ndani yake Baba ana sista, nikirudi nyumbani ana mkwe, na hao wawili hawajawahi kuonana.

Nimemwambia Cleophas naondoka. Amevitazama vifaranga, akatazama foleni ya watu na makatoni yao, akasema niuache ufunguo mezani. Sijui kama amenipa ruhusa au amenifukuza. Sikuuliza. Nikiuliza nitachelewa, na baba yako amelala kwenye shuka ya juzi.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, na yule mama jirani yako aliyenitumia shanga mwambie Awinja analala nazo. Mama, Willis na Awinja wanakusalimu, ingawa hawajui kama nimekuandikia. Mungu wa Baba yetu akutunze huko jangwani, akupe maji ya kutosha na usingizi usiokatika. Uniombee nami, mikono isitetemeke leo.

Wako akupendaye siku zote,

Rosebella